Kupima mipango ya wafanyakazi: waacheni watu waseme kwa maneno

Ninashughulikia rasilimali watu katika kampuni ya malori hapa Kampala, na Kiswahili ndicho lugha ya kazi kuanzia gereji hadi Malaba, mpakani na Kenya. Ushauri wangu kwa wenzangu: mnapolinganisha mipango ya kuwafanya madereva wadumu kazini, msiwadai wanaotoa maoni wataje alama moja tu kati ya 0 na 10. Waacheni waseme "mbaya", "wastani" au "nzuri", kisha maneno hayo yageuzeni kuwa namba za fazi (fuzzy), yaani namba zinazobeba utata wa neno badala ya kutaja thamani moja tu.

Msingi wa hesabu hizi aliuweka Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1965. Kwetu neno moja hubeba namba tatu: ya chini, ya katikati na ya juu. "Mbaya" ni 0, 1, 3. "Wastani" ni 3, 5, 7. "Nzuri" ni 7, 9, 10.

Tulikuwa na mipango miwili: kuongeza posho ya safari, au kupanga zamu ili kila dereva awe na siku za uhakika za kulala kwake. Kuhusu posho, mhasibu, mkuu wa gereji na mwakilishi wa madereva wote walisema "wastani". Kuhusu zamu, mhasibu alisema "mbaya", gereji "wastani", dereva "nzuri". Jumlisha namba za katikati ugawe kwa 3: posho 5, zamu 5. Ukiishia hapo utaandika sare, na bosi atachagua apendacho. Lakini ukitazama namba ya chini kabisa na ya juu kabisa, posho inatoka 3 hadi 7, na zamu inatoka 0 hadi 10. Upana huo ndio wa kufuatilia.

Nikawauliza kwa nini wametofautiana kuhusu zamu. Mhasibu aliwaza mzigo utakaolala mpakani. Mzee wetu wa madereva akasema, "Mama watoto akiniuliza nitarudi lini, sina jibu." Hawakuwa wakipima kitu kimoja! Tukatenganisha gharama na kudumu kazini, kila kigezo tukakipa uzito wake, tukapima upya. Zamu ikashinda, ikiongezewa dereva wa akiba.

Yanayodaiwa na sheria msiyapigie kura hata kidogo. Likizo ya mwaka imo katika Sheria ya Ajira ya 2006, na ile asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, hulipwa tu.

Mipango ikiwa mingi, tumieni TOPSIS ya fazi, mbinu ya kupanga machaguo kwa ubora, inayopima kila mpango uko umbali gani na hali bora na hali mbaya kabisa. Excel inatosha. Ila maneno yakusanyeni kwa mtu mmoja mmoja, kabla bosi hajatoa lake.