Karatasi ya Mkono Haichaguliwi kwa Kupapaswa

Juzi nimemkuta mmoja wenu amefumba macho, anapitisha kidole gumba juu ya karatasi ya pamba iliyotengenezwa kwa mkono kama anayesikiliza mapigo ya moyo wa mchumba. "Ni hii hii," akasema. Nikamuuliza ina gundi kiasi gani, ile inayozuia wino usizame. Hajui. Utaichapa kavu au nyevu? Akanitazama kama nimemuuliza kaburi la babu wa babu yake liko wapi. Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana kijana huyo nilikuwa mimi.

Basi wadogo zangu mnaojifunza kupiga chapa kwa herufi za madini ya risasi, sikilizeni, sitarudia. (Nitarudia. Kila mwaka narudia.)

1. Gundi kwanza, rangi baadaye. Lamba kona ya karatasi. Ulimi ukinyonywa na kona ikalowa papo hapo, gundi hakuna au ni kidogo: hiyo hupokea wino kwa upole, ila ukiilowesha ishike kama mtoto mchanga. Ukiitikisa ikalia kama bati, imechovywa jelatini ya kutosha. Ni nzuri kwa kalamu na rangi za maji, lakini ukiichapa kavu kwa herufi za risasi, wino hukaa juu ya vilima na mabonde hubaki meupe. Hapo ndipo mnapoanza kuongeza pakingi, yaani karatasi za kujazia nyuma ya ile inayochapwa ili mkandamizo uzidi, mkaongeza tena, mpaka nyuso za herufi zinachakaa, halafu mnamlaumu aliyezisubu. Mficha uchi hazai: mwambie mtengenezaji kuwa unapiga chapa, na herufi zako ni za ukubwa gani.

2. Anza na herufi, ndipo uitafute karatasi. Mchapaji Mwingereza John Baskerville alipochapa mashairi ya Virgil mwaka 1757, sehemu ya kitabu aliichapa kwenye karatasi ya mtengenezaji James Whatman iliyotokana na wavu uliofumwa, isiyo na mistari, kwa sababu herufi zake zilikuwa na miguu myembamba inayotaka uso laini. William Morris, aliyeanzisha kiwanda cha uchapaji cha Kelmscott Press mwaka 1891, alitumia herufi nene nyeusi, na karatasi ya kitani yenye mistari aliyotengenezewa na Joseph Batchelor ikazibeba bila taabu. Ninyi mnachukua herufi za Baskerville mnazilaza kwenye karatasi ya Morris, tena ile yenye uso wa magamba ya mamba.

3. Nunua karatasi zote kwa mkupuo mmoja, pamoja na za kuharibika. Hapa naomba nikae kidogo.

Nilikuwa na kazi ya nakala 60 za mashairi, kila shairi likianza na herufi kubwa nyekundu. Kila nakala karatasi sita, jumla 360. Nikaongeza kumi, nikajiona mkarimu. Jioni nikalowesha, karatasi kaushio nyevu kila baada ya chache, nikafunga rundo kwa plastiki, ubao juu, jiwe juu ya ubao. Asubuhi zilikuwa baridi shavuni bila kung'aa kwa maji, yaani sawasawa kabisa. Nyeusi ilitoka vizuri hadi nikaimba. Nikaning'iniza zote zikauke.

Siku tano baadaye nikapiga nyekundu, karatasi zikiwa kavu. Ya kwanza: herufi nyekundu imempanda jirani yake mgongoni. Nikamfokea msaidizi kwamba amelegeza vishikio vya karatasi. Nikaisogeza herufi. Ya pili ikakaa. Ya tatu ikakimbilia upande mwingine. Kumbe karatasi nyevu hutanuka, ikikauka husinyaa, na za mkono hazilingani unene, kwa hiyo kila moja ilikuwa imesinyaa kivyake. Msaidizi hakuwa na kosa lolote. Nilimwomba radhi, lakini si siku ile.

Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikazilowesha upya, kwa sifongo, kwa hasira, kisha nikalitoroka rundo kwa siku nne kwa sababu sikutaka kuliona. Nilipofungua plastiki, harufu ilitangulia. Ukungu: madoa meusi madogo, yametapakaa hadi katikati ya mashairi. Nikaagiza karatasi nyingine kwa fundi yule yule, jina lile lile, uzito ule ule. Zikaja na umanjano kidogo, maana ni rojo la nyuzi la siku nyingine. Nikizichanganya na zile zilizopona, kitabu kilikuwa kama mdomo wenye jino la bandia. Nikachapa upya kazi nzima kwa gharama yangu.

Rangi mbili, basi, zipigwe kwenye unyevu ule ule, rundo likirudi ndani ya plastiki kati ya nyeusi na nyekundu. Au zote mbili kavu. Na kabla ya yote, pitisha karatasi kumi safari nzima, hadi zikauke, ndipo uagize. Za kuharibika: moja kwa kila kumi kwa wazoefu. Ninyi ongezeni mbili.

4. Mengine haraka, mkono umechoka. Kingo zenye manyoya hazijanyooka, hivyo tumia pini za kuiweka karatasi mahali pake, au kata upande mmoja uwe wa kuegemeza. Pima unene kwa maikrometa kwenye pembe zote, panga mafungu, rekebisha pakingi kwa kila fungu. Inua kila karatasi kwenye mwanga uone alama ya maji, ile nembo iliyomo ndani ya karatasi, imesimama au imepinduka. Kozo ya Kijapani, karatasi ya gome la mti, ni nyembamba lakini nyuzi zake ndefu ni kaidi. Mimi huichapa kavu, upande laini, kwa mkandamizo wa huruma.

Yule kijana nilimpita tena jana. Kona ya karatasi ilikuwa mdomoni, kwa hiyo salamu yangu aliiitikia kwa nyusi.