Kwa nini nembo yangu imezungukwa na chenga nyeupe?

SWALI: Nilichora nembo nyekundu ya duara juu ya usuli mweupe, nikaihifadhi kama GIF (aina ya faili la picha) yenye uwazi, yaani usuli usioonekana. Nikiiweka kwenye ukurasa wa kijani kilichokoza, chenga nyeupe huonekana pembeni mwake pande zote. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, chenga hizo hazitokani na kivinjari, bali zimo ndani ya faili lako. Ikuze picha mara nane na uutazame ukingo wake: kati ya nyekundu na nyeupe utakuta pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) za waridi, ambazo programu ya michoro iliziweka ili duara lisionekane lina meno ya msumeno. Chukua pikseli moja ambayo nusu yake imefunikwa na nyekundu ya 200, 0, 0 (viwango vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255). Ilipochanganywa na nyeupe ya 255, 255, 255 ikawa takriban 228, 128, 128. Lakini juu ya kijani cha 0, 80, 60 ilipaswa kuwa 100, 40, 30. Tofauti hiyo ndiyo inayokukera.

GIF haina dawa ya jambo hili, kwa kuwa pikseli yake ama huonekana yote ama haionekani kabisa. PNG, aina nyingine ya faili la picha ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha mwaka 1996, inaweza kuipa kila pikseli kiwango chake cha uwazi, kuanzia 0 hadi 255, na kivinjari ndicho kinachochanganya rangi wakati ukurasa unapofunguliwa.

Hata hivyo, usiigeuze GIF hiyohiyo kuwa PNG ukitarajia nafuu, maana weupe umekwisha kuingia ndani ya waridi na hautatoka. Rudi kwenye mchoro wa awali, ulizime tabaka jeupe la nyuma, kisha uhifadhi PNG ya biti 32, yaani yenye rangi pamoja na viwango vya uwazi. Kama mchoro wa awali umepotea, lichore duara upya. Ni kazi ya dakika chache, ilhali kuzikwangua pikseli za waridi kwa kifutio kutakurudishia meno ya msumeno.

Ikiwa unalazimika kubaki na GIF, badala ya usuli mweupe weka kijani kilekile cha ukurasa kabla ya kuhifadhi, ukijua kwamba nembo hiyo itafaa kwenye kijani hicho tu. JPEG, aina nyingine ya faili la picha, iache kabisa, kwani haina uwazi wa aina yoyote.

Kabla ya kuipandisha PNG mpya, ijaribu juu ya nyeusi na juu ya nyeupe, kwa sababu kasoro iliyojificha kwenye usuli mmoja hujitokeza kwenye mwingine.