Mwanao Akiitwa Karume Boys, Anza na Cheti

Mtoto akiitwa kambini Karume Boys, timu ya vijana ya Zanzibar, nyumba nzima inakimbilia madukani kutafuta viatu. Mimi nimekaa na timu za vijana hapa Unguja kwa miaka, kazi yangu ikiwa makaratasi na mabegi kuliko mpira wenyewe, na mzazi akinipigia kwa furaha namuuliza kwanza: cheti cha kuzaliwa kiko wapi?

CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa Zanzibar uanachama kamili Machi 2017, ikautengua Julai ya mwaka huohuo. Kwa hiyo kijana anayetaka kuvaa jezi ya Zanzibar, jukwaa lake kubwa ni mashindano ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati. Ndiyo maana yaliyotukuta Burundi Aprili 2018 bado yananiuma: timu yetu ya chini ya miaka 17 iliondolewa mashindanoni kwa kuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002.

Hebu piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa Disemba 2001, Aprili ile alikuwa na miaka 16 na miezi minne. Mama yake angekuapia kwamba hajafika 17, na angekuwa anasema kweli. Lakini umri wa mashindano hauhesabiwi kwa siku ya mechi, unahesabiwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kanuni. Basi usimuulize kocha "miaka mingapi?" Muulize "waliozaliwa kuanzia tarehe ngapi?", na ikiwezekana akuoneshe kanuni yenyewe. Kocha mzuri hatanuna.

Halafu majina. Khamis wa kwenye cheti akiwa Hamisi wa skuli, na jina la babu likiruka kwenye pasipoti, umejitafutia safari za ofisini. Kwa sheha, usajili, Uhamiaji, kila mlango una foleni yake. Yashughulikie sasa, mtoto akiwa bado anacheza Juvenile, daraja la watoto, wala usingoje wiki ya safari.

Wapo watakaokunong'oneza, "mshushie miwili tu, nani atajua?" Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la 2009, FIFA inawapima wavulana kwa MRI ya kifundo cha mkono, yaani mashine inayopiga picha ya ndani ya mwili, na CAF nayo inatumia kipimo hicho. Daktari anaangalia ncha ya mfupa wa mkono, pale unapokulia. Pakiwa pameshafunga kabisa, kijana anarudi nyumbani, hata cheti kiwe na mihuri ya namna gani. Mashine haisemi amezaliwa lini, inasema tu huyu amevuka. Na mtu mzima akiingizwa, nafasi anayoichukua ni ya mtoto wa miaka 14 aliyekuwa anajifunza. Wale waliochukua ubingwa wa CECAFA wa chini ya miaka 15 kule Uganda mwaka 2023, wakiwatoa wenyeji kwa penalti kwenye fainali, ndio ninaotaka kuwaona Zanzibar Heroes, timu yetu ya wakubwa, wakiwa na umri wao halisi.

Begi ni jambo dogo. Sweta liwemo, maana usiku wa Jinja, Uganda, si wa Makunduchi. Viatu avae alivyovizoea; vipya vitamchubua kisigino mazoezi ya kwanza, akae benchi na plasta. Mzoeshe pia kula ugali na ndizi za kupika bila kukunja uso, kwa sababu wali wa nazi hautasafiri naye. Kama anatumia dawa yoyote, hata ya pumu tu, mwambie meneja wa timu kabla ya safari, usimwachie mtoto aseme mwenyewe.

Simu mpigie baada ya mechi. Baba anayepiga saa moja kabla ya filimbi kumweleza jinsi ya kukaba anamchanganya, kisha kocha anapata kazi ya kumtuliza.