Uchovu Uliobaki Baada ya Arobaini

Mtoto wangu wa pili alipotimiza miezi tisa, nilimpeleka kliniki kwa ajili ya chanjo ya surua na rubela. Nesi alimpima uzito, akajaza kadi, akamchoma sindano, kisha badala ya kumwita mama aliyefuata kwenye foleni akanigeukia mimi. "Mtoto anaendelea vizuri, mama. Na wewe je, hali yako?" Nikajibu kama tunavyojibu wengi, kwamba namshukuru Mungu. Akanishika mkono, akakitazama kiganja, akavuta kidogo kope ya chini ya jicho langu, kisha akaniambia nisiondoke kabla ya kupita maabara. Wingi wa damu yangu ulikuwa 8.7.

Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu kiwango kinaposhuka chini ya gramu 12 kwa desilita. Mimi nilikuwa mbali sana chini ya hapo, na sikujua. Tangu niliporudi kazini nilikuwa nikipanda ngazi za shule ninakofundisha na kusimama katikati, nikijifanya kutafuta kitu ndani ya daftari, mpaka moyo uliokuwa ukienda mbio utulie. Nikiinuka ghafla, macho yaliingia giza. Jioni nikimwogesha mtoto, mikono ilikuwa mizito kana kwamba nimeshinda kinuni nikitwanga. Kila niliyemweleza alinijibu kwamba ndivyo kulea kulivyo, nami nikakubali, nikaona aibu kulalamikia jambo ambalo mama yangu alilibeba mara sita bila neno.

Utaratibu wetu wa arobaini ninauheshimu kwa moyo wote. Mama alikuja kukaa nami, akanipikia mtori na supu ya kuku, akanilazimisha kulala mchana, akampokea mtoto kila nilipomaliza kunyonyesha. Lakini arobaini ilipotoka, alifunga kanga zake akarudi nyumbani, mawifi wakapunguza safari, na watu wote wakaniona nimepona. Mwili haukuwa umepona. Nilikuwa nimepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, nilikuwa nikinyonyesha usiku na mchana, na vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa niliviacha baada ya wiki mbili kwa sababu vilinifunga choo na kunitia kichefuchefu. Hakuna aliyeniuliza kama nilivimaliza, wala mimi sikusema.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao ninautanguliza kabla ya tabia yoyote njema, ni kupima. Mama ambaye uchovu wake umevuka miezi mitatu na haupungui hata akipata usiku mmoja wa usingizi, aende akapimwe wingi wa damu, na amweleze daktari dalili zake zote, kwa kuwa zipo sababu nyingine zinazofanana na hiyo. Tezi ya shingoni iitwayo thairoidi huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na sonona ya uzazi, yaani huzuni nzito inayomshika mama baada ya kujifungua, nayo mara nyingi hujitokeza kwa sura ya uchovu kabla haijajitokeza kwa sura ya machozi. Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Matembezi na uji haviwezi kuyatibu.

Nilirudi nyumbani na vidonge vile vile nilivyovikimbia. Safari hii daktari alinieleza namna ya kuvimeza, na maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha kila kitu. Chai na kahawa huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo na kwenye chakula, ilhali vitamini C iliyomo kwenye chungwa, ndimu au pera huusaidia. Mimi nilikuwa nikimeza kidonge kwa chai ya maziwa asubuhi, kisha nikala chakula cha mchana na kushushia chai ya rangi. Nikahamishia chai saa kumi jioni, peke yake, mbali na chakula. Kidonge nikakimeza usiku baada ya kula, kwa maji niliyoyakamulia ndimu, na kichefuchefu kikapungua kwa sababu nilikipitia usingizini. Choo kuwa cheusi hakukunitisha tena, kwa kuwa niliambiwa mapema kwamba ni kawaida. Kwa upande wa kufunga choo, kipande cha papai asubuhi na maji ya kutosha vilinitosha.

Maji yenyewe yalihitaji mpango. Mama anayenyonyesha hushikwa na kiu mara tu mtoto anapoanza kuvuta, na hapo ndipo asipoweza kuinuka. Nikaweka jagi lenye kifuniko na kikombe cha plastiki kando ya kiti ninachonyonyeshea, na kingine kando ya kitanda, na kila mtoto alipoanza kunyonya, nami nilianza kunywa. Sikuhitaji kukumbuka chochote, kwa sababu mtoto hasahau kunyonya. Nilipoona jinsi hilo lilivyokaa bila kunitoa jasho, nikajifunza kuifunga kila tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari lilikuwa likifanyika nyumbani kila siku. Mipango niliyoiandika kwenye karatasi ilikufa ndani ya wiki.

Chakula cha asubuhi nikakifunga kwenye uji wa mtoto. Zamani nilimlisha yeye, nikamwandaa mkubwa wake, kisha nikaondoka na kipande cha mkate mkononi. Sasa nikipika uji wake wa ulezi na karanga, napika wa watu wawili, na yai moja linachemka kwenye sufuria ya pembeni. Tunakula pamoja, kijiko chake na kijiko changu. Mchana nikarudisha maharage, dagaa na mchicha, na maini mara moja kwa wiki pesa iliporuhusu. Kunyonyesha huongeza mahitaji ya mwili kwa takribani kalori 500 kwa siku, ambazo ni sawa na mlo mzima mdogo, nami nilikuwa nikitafuta kupungua tumbo kwa kuruka milo. Ninawasihi kina mama wenzangu tuliache hilo katika mwaka huu mmoja.

Usingizi ulikuwa mgumu kuliko vyote. Wengi hutuambia tulale mtoto anapolala, lakini mwenye mtoto mwingine wa miaka minne na madaftari ya kusahihisha hana nafasi hiyo. Kilichowezekana ni kupata kipande kimoja cha usingizi kisichokatwa. Nilizungumza na mume wangu kwa utulivu siku ya Jumamosi, nikamwonyesha karatasi ya maabara, na tukakubaliana kwamba nikishamnyonyesha mtoto saa tatu usiku nitalala papo hapo, naye ataamka kwa kila kilio mpaka saa saba. Wiki ya kwanza mtoto alimlilia sana, na mara mbili niliinuka nikasimama mlangoni. Wiki ya pili alimzoea. Saa nne mfululizo zilinirudishia akili ambayo sikujua kwamba ilikuwa imeondoka. Simu nikaiacha ikichajiwa sebuleni, kwa maana dakika kumi za kuperuzi kitandani hazikuwahi kuwa kumi.

Matembezi niliyaanza mwezi wa pili wa matibabu, damu ilipofika 10.1, kwa ushauri wa daktari kwamba nisiuchoshe moyo mapema. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga saa kumi na moja jioni, nikaenda mpaka mwembe ulio kwenye kona na kurudi, dakika kumi tu. Kuna siku nilirudi nikiwa na nguvu zaidi ya nilivyoondoka, jambo ambalo nisingeliamini kama ningelisimuliwa.

Kwa wale walioajiriwa, hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuishia kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Mimi nilirudi kazini bila kujua, nikamaliza miezi mingi nikikimbia nyumbani wakati wa chakula na kurudi bila kula. Iulizieni haki hiyo kabla likizo haijaisha.

Mwezi wa tatu kipimo kilisoma 12.4, na daktari akaniongezea vidonge vya miezi mitatu mingine ili akiba ya mwili ijae. Ngazi za shule nazipanda bila kusimama.

Mama aliponitembelea tena, nilimsimulia yote nikidhani atashangaa. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Mwanangu, na mimi nilikuwa nikisimama njiani kutoka mtoni. Nilidhani ni ndoo." Tangu siku hiyo, jirani anapojifungua nampelekea pongezi wiki ya kwanza kama kila mtu, lakini naandika kwenye kalenda siku ya hamsini. Siku hiyo nakwenda na chupa ya uji na machungwa, nampokea mtoto, na kumwuliza kama amevimaliza vidonge vyake.