Maranda Hayaingii Mabichi Kwenye Saruji

Kila wakija vijana wapya kuchanganya lipu nyepesi ya kuzuia joto, jambo ni lile lile: maranda yanatoka kwa seremala na kuingia moja kwa moja kwenye saruji. Wadogo zetu, tusikilizane.

1. Mbao zina sukari na tanini, ile kemikali ya mti inayotoa rangi ya chai. Hizo mbili zikipata maji zinayeyuka na kuizuia saruji isishike. Kesho yake asubuhi bonyeza ukuta kwa kidole gumba: kinazama, lipu bado laini kama jana. Hapo kosa huzaa kosa. Kijana anaongeza saruji kwenye mchanganyo unaofuata, na sukari bado imo. Lipu ikija kushika baada ya siku kadhaa, saruji imezidi, maranda yanasinyaa yakikauka, nyufa zinatambaa kila upande. Ukigonga, ukuta unalia mtupu. Hakuna kiraka cha kuiokoa. Inabanduliwa yote, tofali linasuguliwa, saruji ya watu imekwenda.

Chekecha maranda kwa wavu wa milimita 5. Yaloweke usiku kucha kwenye maji ya chokaa, nusu kilo kwa ndoo ya lita 20, kisha suuza mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai. Kamua. Kwa ujazo: saruji 1, mchanga 2, maranda 2. Kabla ya kugusa ukuta, finyanga andazi dogo la saruji na maranda, na lingine la saruji tupu. Kesho yake yakwaruze kwa msumari. La maranda likimeguka kama mkate, rudia kuloweka. Pima kila gunia jipya, maana kwa seremala mninga na msonobari huangukia lundo moja.

2. Wanaotumia punje za stairofomu (ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia) badala ya maranda: punje hizo huelea. Zivishe kwanza uji mzito wa saruji, ndipo mchanga ufuate. Zifunike kwa lipu ya kawaida ya sentimita 1.5, kwa kuwa zinawaka. Thina na petroli zinaziyeyusha.

3. Majivu ya pumba za mpunga kazi yake hasa ni kushika nafasi ya saruji, asilimia 10 hadi 15. Meusi yaacheni, yanakunywa maji.

4. Tabaka lisizidi milimita 15, na msilishindilie kwa mwiko: kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani. Mwagilieni siku 7. Lipu ya maranda ni ya ndani tu, na bafuni msiipeleke. Ukuta wa magharibi upeni tabaka mbili. Jua la saa kumi ndilo linaloingia chumbani na kulala na watu.