Usimshitaki fundi kwa jina la utani

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema fundi kala milioni 9, kaacha msingi wa nyumba yako Buswelu, Mwanza, unaota majani, simu haipatikani, na Jumatatu unakwenda Mahakama ya Mwanzo. Unauliza kama uweke wakili, na kama unaweza kuendelea na fundi mwingine kabla kesi haijaisha. Sawa. Ila mdaiwa utamwandika nani? Maana hapo juu umemwita "Baba" na jina la mtoto wake, basi.

Wangu alijulikana Igoma nzima kwa jina la kifaa cha kupimia ukuta. Silitaji, nisije nikashitakiwa mimi. Nilimpa milioni 6 za bati na mbao za kupaulia, mkononi, chini ya mwembe, na kwenye karatasi ya daftari akasaini hilo hilo jina la kifaa. Alipotokomea nikamfuata mzee mmoja anayewaandikia watu barua karibu na mahakama. Nikamwambia jina halisi silijui. Akajibu bila hata kuinua macho: "Andika hilo unalomwita, mahakama itamtafuta." Elfu 30 akachukua kwa ushauri huo! Mahakama haina mbwa wa kunusa, jamani. Mdaiwa unamtafuta mwenyewe, miguu yako, nauli yako.

Wito ulipelekwa alikopanga. Mama mwenye nyumba akasema hana mpangaji wa jina hilo. Kwake fundi alijiandikisha kwa jina lake la kweli, na mimi bwege wala sikumuuliza lipi. Tukatangaza gazetini kwa hela yangu, kesi ikasikilizwa upande mmoja, nikashinda. Siku hiyo niliwanunulia watu soda.

Miezi mitano baadaye nikasikia yuko Ukerewe. Nikapanda meli hadi Nansio, nakala ya hukumu kwenye bahasha ya kaki. Nikamkuta juu ya paa la mtu, misumari mdomoni. Akashuka ngazi taratibu, akaitemea misumari kiganjani, akasoma hukumu yote mpaka kwenye muhuri, halafu akachomoa kitambulisho cha NIDA. "Kaka, huyu aliyeandikwa hapa mimi simjui." Majina matatu, hata moja halikufanana. Akanikaribisha chai. Nikanywa, ningefanyaje? Nauli nilishalipa. Niliporudi Mwanza karani akaniambia kwa hukumu ile dalali wa mahakama hawezi kugusa mali ya mtu mwenye jina jingine. Nianze upya.

Kwa hiyo Jumatatu achana na mahakama. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa alikokuwa anaishi, kwa mwenye nyumba wake, kwa vibarua waliomchanganyia zege. Tafuta majina yote ya kitambulisho na mahali anapolala. Madai ya mkataba una miaka 6 ya kuyafungua, hayaozi kama dagaa walionyeshewa na mvua. Kama alijinadi kuwa mkandarasi, ulizia Bodi ya Usajili wa Makandarasi kama jina lake limo. Polisi? Watakwambia hayo ni madai, si jinai, labda uonyeshe alikutapeli tangu mwanzo.

Na kama kuna hela ulimtumia kwa simu, fungua meseji ya muamala, jina lililosajiliwa linaonekana. Ila nalo lihakiki kwanza. Wangu laki 4 za mwisho alizipokelea kwenye namba ya shemeji yake, muuza sangara pale Mwaloni, na nusura nimburuze mahakamani yule mama wa watu.