Maswali ya Wasomaji: Siku Tatu Mwanza, Kuanzia Bujora hadi Sahani ya Sato

Likizo ya Juni ikikaribia, swali ni lile lile kwa maneno tofauti: ukiacha mawe na samaki, Mwanza kuna nini, na mtu alale wapi? Tumechagua barua chache. Utaona majibu mengi yanazungumzia saa na majira kuliko bei. Ziwa lina ratiba yake, na mgeni asiyeijua hulipa mara mbili.

Tunakuja watano kutoka Dodoma: sisi wawili, mama mwenye miaka 74 na watoto wawili. Tulale mjini kati au hoteli ya ufukweni? – *Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu ya mama, anza na ngazi. Mji huu umekaa juu ya miamba, na hoteli nyingi zenye mandhari nzuri ziko mteremkoni, Isamilo au Capri Point. Picha itakuonyesha ziwa lakini haitakuonyesha ngazi za kupanda kutoka mapokezi. Piga simu uulize mambo mawili: gari linafika mlango wa chumba? Kuna chumba cha chini kisicho na ngazi? Ukijibiwa "ngazi ni chache tu," omba watume video.

Hoteli za mjini kati, mfano Gold Crest, zina lifti na ziko karibu na maduka, benki na kivuko cha Kamanga. Watoto, hata hivyo, watakosa pa kukimbia. Za ufukweni upande wa Ilemela, kama Malaika na Tunza, zina bustani na utulivu, na zina faida ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: uwanja wa ndege uko upande huo huo, kama kilomita 10 kaskazini mwa jiji. Ubaya wake ni kwamba kila ukitaka kwenda mjini unalipa teksi kwenda na kurudi, na jioni barabara hujaa. Kwa siku tatu, sisi tungelala usiku wawili mjini na wa mwisho Ilemela, ili asubuhi ya safari mama asikurupushwe.

Kabla ya kutuma pesa, uliza chai ya asubuhi ni ya watu wangapi. Mara nyingi bei ya chumba huhesabu wawili, na mtoto akiwa mtu wa tatu chumbani hulipiwa mezani. Uliza kama jenereta huwaka usiku kucha au huzimwa saa sita, na kama Ijumaa na Jumamosi kuna muziki. Mwisho, uliza kama madirisha yana wavu. Nyakati za mwezi mwandamo huwa wanaibuka vidudu vya ziwani, wengi hata wakionekana kwa mbali kama moshi juu ya maji. Hawaumi, ila hufuata taa. Chumba kisicho na wavu, taa ikiwa inawaka, asubuhi utawazoa kwa ufagio.

Makumbusho ya Bujora yanafikikaje bila gari, na je, ngoma tutaziona? – *Msomaji, Singida*

Panda daladala la Kisesa, barabara ya Musoma, mwendo wa kama kilomita 20 kutoka mjini. Ukishuka Kisesa, chukua bodaboda hadi Bujora. Kila dereva anapajua. Tenga saa tatu pale penyewe. Wanaokwenda kwa saa moja hurudi wakisema wameona vibanda tu, na hawakukosea: bila mwongozaji, Bujora ni vibanda tu.

Mwombe mwongozaji akueleze maumbo. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ndani zimo ngoma za himaya mbalimbali za Usukuma, na katika mila ngoma ni sehemu ya utawala wenyewe, si chombo cha burudani peke yake. Kanisa lililo hapo nalo limefuata nyumba ya Kisukuma ya msonge. Aliyeanzisha kazi hii ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Usipite haraka pale kwenye namna za kuhesabu moja hadi kumi: kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia. Hata Wasukuma wengi waliozaliwa mjini hili hawalijui, kwa hiyo ukienda na mwenyeji usidhani ataeleza kuliko mwongozaji.

Kuhusu ngoma, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza. Kikundi hakikai pale kikisubiri wageni, hivyo piga simu siku moja au mbili kabla, mkubaliane bei ya kikundi kizima, si ya kichwa. Mkiwa wawili bei itauma, mkiwa kumi ni nafuu. Ya pili ni Bulabo, mashindano makubwa ya ngoma yanayoendana na sikukuu ya Ekaristi. Sikukuu hiyo hufuata Pasaka, ndiyo maana tarehe huhama kila mwaka kati ya mwisho wa Mei na Juni. Usinunue tiketi kwa kukumbuka tarehe ya mwaka jana.

Wanaoshindana ni Bagika na Bagalu, vyama vilivyotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Hakuna jopo la majaji wenye karatasi. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo utaona majembe yakirushwa, nyoka wakishikwa mkononi, kila hila ya kukutoa upande wa pili. Watoto wasimame mbele lakini si mstari wa kwanza kabisa.

Kisiwa cha Saanane kinatosha siku nzima? – *Msomaji, Shinyanga*

Hapana, nusu siku inatosha. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji. Zamani, tangu 1964, palikuwa bustani ya wanyama, na jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi aliyeishi hapo. Boti huondokea ofisi ya hifadhi Capri Point, safari ya dakika kumi na tano hivi.

Nenda asubuhi. Mchana upepo huamka na mawimbi hurusha maji ndani ya boti, tena miamba ya kupanda huwa imeshapata moto. Chukua kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni na utatakiwa kuthibitisha. Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo, hivyo usitegemee noti mfukoni. Maji na vitafunwa beba mwenyewe. Swala, pimbi na mijusi wekundu wenye mkia wa buluu utawaona bila kutafuta. Mamba wako majini, kwa hiyo usikae kwenye jiwe lililogusa maji kwa ajili ya picha.

Nitajuaje sato wa mgahawani ni wa leo? Nimewahi kula mmoja Mwanza, nyama ikawa kama pamba. – *Msomaji, Morogoro*

Nyama kama pamba ni ya samaki aliyeganda polepole, akayeyuka, pengine akagandishwa tena. Barafu inayojijenga polepole hupasua nyama kutoka ndani, maji yake yote humwagika siku ya kuyeyuka, na kinachobaki ni nyuzi. Kukaanga kwa mafuta mengi huficha kosa hilo hadi unapotafuna.

Mgahawa mzuri haukatai kukuonyesha samaki kabla ya kumpika. Jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama na ukungu. Funua shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole. Shimo likibaki, mrudishe. Harufu iwe ya ziwa. Ikichoma pua kama choo, inuka.

Ukiwa na shaka, agiza mchemsho badala ya wa kukaanga. Maji, chumvi, ndimu, nyanya na kitunguu havina pa kumfichia samaki wa zamani. Humomonyoka sufuriani na mchuzi hugeuka mchafu. Wa leo hubaki mzima na mchuzi wake huwa mwepesi.

Kaulize bei ukiwa umemshika huyo huyo samaki, kwa sababu huuzwa kwa ukubwa. Kisha usilalamike kungoja. Sato wa gramu 800 aliyepasuliwa mistari mitatu kila ubavu, akapakwa chumvi na ndimu, anataka dakika sita hadi saba kila upande kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, ukiacha kuparua na kusafisha. Akiletwa ndani ya dakika kumi, alikuwa ameshakaangwa asubuhi na amepashwa tu. Wazoefu huagiza kwanza, ndipo wanaenda kuoga.

Siku hizi wapo pia sato wa vizimba, yaani wanaofugwa. Utawatambua kwa kulingana ukubwa kama waliotoka kiwandani, na kwa mafuta zaidi tumboni. Si wabaya, ila asikuuzie mtu kwa bei ya wa ziwani kwa kutegemea kwamba hujui.

Nikitaka chakula cha Kisukuma chenyewe, si chipsi, niombe nini? – *Msomaji, Mbeya*

Omba ugali wa udaga, yaani muhogo, mara nyingi ukiwa umechanganywa na mtama, pamoja na nsansa, ambayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Hoteli kubwa hazinavyo. Mama ntilie wa sokoni anavyo mchana, na saa nane vimeisha.

Cha kubeba nyumbani ni michembe na matobolwa, na wageni huvichanganya. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa vikiwa vibichi, hivyo ni vyeupe na vigumu kama vigae. Matobolwa huchemshwa kwanza, hivyo huwa na rangi ya kahawia na utamu, na unaweza kuyatafuna hivyo hivyo njiani. Michembe lazima ipikwe: loweka nusu saa, chemsha kama dakika 45 hadi ilainike, kisha tia karanga zilizotwangwa, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya michembe, uache moto mdogo dakika kumi ukikoroga, maana karanga hushika chini upesi. Kabla ya kununua, vunja kimoja. Chenye vumbi jeupe na vitundu ndani kina wadudu.

Dagaa na sato nivisafirishe vipi kwa basi hadi Dar es Salaam? – *Msomaji, Temeke*

Dagaa nunua soko la Mwaloni, Kirumba, lakini angalia mwezi kwanza. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti kitu, mitumbwi hupumzika, na bei hupanda. Mvua nayo huharibu, kwa kuwa dagaa waliokosa jua siku ya kwanza hugeuka kahawia na kuwa wachungu. Chagua wanaong'aa kama fedha. Waulizie waliokaushwa kwenye chanja, maana wa mchangani ni wa bei ndogo na mchanga mwingi. Kipimo ni rahisi: tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, tazama kinachotua chini.

Nyumbani, waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, kisha wainue kwa mikono. Kosa la wengi ni kumwaga maji pamoja na dagaa kwenye chujio, kwani mchanga uliokuwa umetua hurudi juu yao. Rudia mara tatu, na vichwa toa kama hupendi uchungu.

Sato mbichi anataka adabu zaidi. Toa matumbo na matamvua, gandisha saa 24, panga kwenye kasha la kuhifadhi baridi kwa kipimo cha kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na barafu iwe chini, katikati na juu. Toboa tundu dogo chini au weka kichanja, kwa sababu samaki akilala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka ndipo anapoharibika. Basi la kutoka stendi ya Nyegezi hadi Dar ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na kasha hukaa chini kwenye joto. Kama huna barafu ya kutosha, nunua wa kubanikwa, uachane na wasiwasi.

Watoto wanaweza kuogelea ziwani mbele ya hoteli? – *Msomaji, Tabora*

Wapeleke kwenye bwawa la hoteli. Sababu ni kichocho, na huku mwambaoni ni kile cha tumbo, hivyo usisubiri mkojo wa damu ndipo ushtuke. Mtu hukaa miezi bila dalili. Konokono wanaokieneza hupenda maji matulivu yenye majani karibu na ufuko, yaani pale pale watoto wanapopenda, na viluwiluwi vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali mchana. Kujifuta taulo upesi husaidia kidogo, si kinga.

Wakishaingia, usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga, ndiyo maana vipimo na dawa hufaa wiki sita hadi nane baadaye. Dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto, basi ni kazi ya kituo cha afya. Na maji ya kuoga yakiwa yamechotwa ziwani moja kwa moja, yaache kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili kabla ya kuyatumia.

Butiama kwenda na kurudi siku moja, inawezekana? – *Msomaji, Geita*

Inawezekana ukiwa stendi ya Nyamhongolo saa kumi na mbili asubuhi. Panda basi la Musoma, shuka Kiabakari, kisha taksi au bodaboda. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa 1999, mwaka ule ule aliofariki, na kaburi lake liko Mwitongo, nyumbani kwa familia, hivyo uliza kabla ya kupiga picha. Kwa kuwa unatoka Geita, lala Mwanza usiku wa kuamkia safari. Na ukifika Kiabakari, kabla hujaenda popote, ulizia basi la mwisho la kurudi linapita saa ngapi.